Uzi Uliokuwa Unafupika

Kama kuna mtu aliyeletwa duniani kupekua mifuko ya wenzake, basi ni jirani yangu Dochka Raleva. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye geti la kiwanda cha samani hapa Troyan, mji wetu wa milimani Bulgaria, na hakuna fundi aliyepita mbele yake bila kufungua mfuko, kuvua kofia, na wengine kukunjua suruali. Kuna bwana mmoja alikuwa akitoka kila jioni na mguu wa kiti ndani ya mkono wa koti. "Nilimwacha atoe mitatu," Dochka alipenda kusimulia. "Ule wa nne nikamwambia, haya, kaa sasa tuone kama kinakalika."

Alipostaafu, yeye alitoka kazini lakini kazi haikumtoka. Sokoni aligeuza nyanya moja moja mpaka wauzaji wakimwona wanaguna. Mumewe Penyo, Mungu amrehemu, alikuwa akitoa vitu vyote mifukoni mlangoni pake mwenyewe bila hata kuambiwa. Mwanawe anaendesha lori huko Valencia, Uhispania, na akipiga simu kusema hajambo, Dochka humuuliza, "Hujambo vipi?" mpaka kijana akubali kwamba mgongo unamuuma.

Alitapeliwa mara moja tu. Aliitwa kwenye chakula cha mchana cha bure kwa wastaafu, akala kuku, akarudi na blanketi la sumaku ambalo eti linaponya figo. Tangu siku hiyo alikuwa na msemo wake: cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kukidai.

Mimi naitwa Tota. Nakaa ghorofa ya tatu, yeye ya nne, na jengo letu halina lifti. Miaka ishirini na miwili tumekunywa kahawa pamoja kila siku saa nne asubuhi, jikoni kwangu.

Msimu wa baridi uliopita alikutwa na saratani ya titi la kulia. Walimpasua katika hospitali ya mji wa Pleven, wakaondoa titi na tezi za kwapani, na mkono wa upande huo ukaanza kuvimba kama unga wa mkate uliokandwa ukaachwa karibu na jiko. Baada ya upasuaji akapangiwa dripu sita za dawa. Ile ya tatu ilimmaliza kabisa. Siku tuliyorudi alipanda ngazi kwa makalio, ngazi moja, pumzi, ngazi moja, pumzi, na mimi nyuma yake nimebeba mkoba na machozi.

Daktari wake, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwambia waziwazi. "Mama, mimi dripu ya nne sikuwekei kwa mwili huu. Dawa itakuangusha kabla ya ugonjwa. Nakupa mwezi mmoja. Ukirudi hapa uinuke kwenye kiti hiki mara tano, bila kushika kitu. Ukishindwa, tutasimamisha matibabu."

"Nitainukaje, nami nimechoka?"

"Kwa mazoezi."

"Mazoezi! Mtu hawezi kusimama anaambiwa akaruke kamba!"

Daktari hakucheka. Alimwandikia kwenye karatasi: Ivelina, jumba la utamaduni la Troyan, Jumanne na Ijumaa, saa nne. Mazoezi ya wagonjwa wa saratani.

"Bei gani?" Dochka akauliza.

"Bure. Mwenye uwezo anatia leva mbili kwenye kopo, za kununulia kuni."

Tulipofika kwenye korido akanishika mkono. "Umesikia, Tota? Bure." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeuma plamu akakuta nusu ya funza. "Wamechoka kunitibu hawa. Wanatafuta pa kunitupa."

Kwa haki, kule Pleven mtu akitaka mazoezi kama hayo analipa leva hamsini kwa saa, ukiacha nauli, na kwa hiyo watu wa milimani kwetu hawayafanyi. Wanarudi nyumbani, wanalala, jamaa wanawaambia pumzika, na wanapumzika mpaka kaburini. Hilo nilikuwa nalijua. Nataka ieleweke kwamba nilikuwa nalijua.

Nilimsindikiza siku ya kwanza. Kwenye ukumbi wa ngoma, chini ya maktaba, walikuwa wanawake wanane kwenye viti vya mbao. Vifaa vyenyewe ni vichekesho: mipini ya ufagio, chupa za maji zilizojazwa mchanga, soksi zenye maharage. Ivelina ni binti wa hapa hapa, miaka ishirini na tisa, amefanya kazi hospitali ya Ujerumani miaka sita halafu akarudi. Kurudi huko tu kulitosha kumtia Dochka wasiwasi.

"Nani anarudi kutoka Ujerumani?" aliniuliza sikioni. "Ameiba huyu. Au amefukuzwa."

"Au ana mimba," nikasema.

Hakuwa na mimba. Alituambia kwamba mama yake alikufa kwa ugonjwa huo huo kitandani, misuli imekwisha, kwa sababu kila aliyemtembelea alimkataza kuinuka. Wanawake wakafuta macho. Dochka akanyoosha kidole.

"Na wewe unapata nini hapa?"

"Mimi nataka muinuke, shangazi."

"Huo si mshahara."

"Mshahara naupata zahanati, asubuhi zingine. Hapa napata baridi, kama hamtii za kuni."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja.

Mazoezi yalikuwa mepesi kutazama. Inuka kwenye kiti, kaa, inuka tena. Sukuma chupa. Pitisha mpini juu ya kichwa. Kisha nenda ukutani, utembeze vidole kwenda juu polepole, na pale vilipokomea Ivelina anaweka alama ya chaki. Ukuta wenyewe ulikuwa mpya. Ule wa zamani upande wa mashariki ulikuwa umepasuka, na waashi walikuwa wanaujenga upya msimu ule, nusu umekwisha, nusu uko nyuma ya turubai la plastiki, ndoo za chokaa zinapita katikati ya wagonjwa.

Mwisho Ivelina akachukua uzi mweupe wa sufu, akauzungusha kwenye mkono wa Dochka uliovimba, akaukata pale ncha zilipokutana. Akafunga kikaratasi chenye tarehe, akautia kwenye bahasha iliyoandikwa jina, na bahasha akaifungia kabatini.

"Kwa nini si futi ya cherehani?" Dochka akauliza.

"Kwenye futi mtabishana nami, mtasema nimeivuta. Nyuzi mbili ukizishika pamoja, hakuna wa kubishana. Wiki ijayo utaona mwenyewe."

Na kweli wiki ya pili uzi ulikuwa mfupi kwa upana wa ukucha. Ya tatu, kucha mbili. Ivelina alizining'iniza mbele yake akifurahi kama mtoto. "Unafupika, shangazi Dochka! Unafupika!" Dochka alitazama, akakunja uso, lakini Jumanne iliyofuata alikwenda. Alianza kwa kuinuka mara mbili, akafika saba. Ngazi alizipanda kwa miguu, akipumzika mara moja tu. Alirudi kutoka huko mashavu yana rangi.

Nilipaswa kufurahi, na siku nyingi nilifurahi. Jumanne na Ijumaa saa nne nilikunywa peke yangu. Halafu akaanza kuwaalika wale wanawake wenzake kwake, keki ya plamu, kadi, vicheko juu ya kichwa changu mpaka taa yangu ya jikoni inatikisika. Nilipomuuliza mbona hakuniita, alisema, "Ungekuja kufanya nini, Tota? Sisi tunaongea mambo ya kansa tu." Mtu ana saratani, mwache acheke.

Kisha Zlatka akafa. Zlatka alianza mazoezi siku moja na Dochka, na ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini kabla hajashika mpini wa ufagio. Mji mzima ulijua. Alikuja kwa sababu alitaka aweze kutoka mwenyewe hadi bustanini kwake, na alitoka, mara kadhaa. Tangazo la kifo chake, lenye picha, lilibandikwa kwenye mlango wa jumba la utamaduni kama ilivyo desturi. Dochka akaja kwangu amepauka, akakaa, nami nikamtilia kahawa.

"Ameniacha, Zlatka," akasema. "Ijumaa tu alikuwa ananitania."

"Mungu amlaze pema. Kwani uzi wake wa kwanza ulikatwa lini?"

"Uzi gani?"

"Wa mkono. Si na yeye alipimwa?"

Akahesabu kwa vidole. "Siku moja na mimi. Siku ishirini na tatu."

"Hm," nikasema. Nikakoroga kahawa yangu isiyo na sukari. "Na ukuta umekwisha?"

Kijiko chake kikaanguka.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ukuta usiotaka kusimama unataka mtu. Waashi wa kale walivizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, wakauzika ule uzi ndani ya chokaa. Ukuta ukasimama imara, na mwenye kivuli akanyauka, hakumaliza siku arobaini. Baba yake Dochka alikuwa mwashi wa vijiji vya juu, na aliwakataza wanawe kupita karibu na msingi wa nyumba jua likiwaka.

"Na wangu kila wiki unafupika," Dochka akanong'ona. "Tota, unafupika, na yule binti anacheka."

"Mimi sijasema kitu," nikasema.

Ijumaa aliwahi mapema. Alifungua kabati, akachukua bahasha yake, akaitia chini ya koti, yeye aliyewavua watu makoti miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa naye, alitaka shahidi. Mlangoni tukakutana na Ivelina anaingia na mzigo wa kuni.

"Shangazi, mbona unatoka? Hatujaanza."

"Mimi nimeshamaliza."

"Nimekukosea nini?"

"Unajua mwenyewe. Na huo ukuta wako nao unajua."

Binti wa watu akabaki ameshika kuni. Maneno hayana miguu lakini yanatembea: wiki ile ile wanawake wanne walijitoa, wakabaki watatu. Ivelina alipanda kwetu mara mbili, akagonga ghorofa ya nne, hakufunguliwa. Mara ya pili, alipokuwa anashuka, alinikuta kizingitini.

"Shangazi Tota, ana nini? Niambie nimwombe radhi."

"Uchovu tu, mwanangu," nikamjibu, nikafunga mlango.

Mwezi ukatimia, tukaenda Pleven. Dochka, aliyeshinda kitandani tangu Ijumaa ile, alijaribu kuinuka kwenye kile kiti. Mara ya kwanza aliweza. Ya pili alishika meza. Daktari alitazama mkono uliovimba, akavua miwani.

"Wiki tatu, mama. Ni za mwisho. Ukishindwa tena, nafunga faili."

Ndani ya basi Dochka aliegemea kioo. "Si nilikwambia? Wanatafuta sababu." Nilihesabu minara ya makanisa mpaka mji wa Lovech.

Siku tano baadaye nikampelekea supu ya maharage. Alinifungulia akiwa na furaha ambayo sikuiona tangu Zlatka azikwe. Juu ya meza alikuwa amepanga nyuzi, zile za kwenye bahasha na nyingine nyekundu alizokata mwenyewe.

"Njoo uone, Tota! Nimejipima. Tangu nilipotoka kule, unarefuka! Huu wa jana ni mrefu kuliko wa siku ya kwanza." Alizinyoosha kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulilala mezani umevimba mpaka vidole vimeshindwa kukunjana. "Maisha yanarudi, shoga yangu. Walikuwa wananila."

Nikaiweka supu.

"Dochka, huo si uhai unaorefuka. Ni uvimbe."

"Uvimbe utapungua. Muhimu uzi."

"Uzi ni mkono! Unapima mkono, mwanamke wewe! Ukifupika ndiyo unapona. Zlatka alikufa kwa ini. Ulijua, nilijua, kila mtu alijua."

"Mbona wewe ndiye uliyesema..."

"Nilikudanganya."

Aliziachia nyuzi. Kisha, polepole, "Huiamini ile habari ya kivuli?"

"Siiamini. Sijawahi kuiamini."

"Basi ulisema kwa nini?"

Nilitafuta sababu kubwa. Mtu akifanya ubaya mkubwa anatamani awe na sababu ya kulingana nao. Sikuwa nayo.

"Kwa sababu ya kahawa," nikasema. "Jumanne na Ijumaa. Ulikuwa huji. Halafu mkawa mnacheka huku juu."

Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu. Mafundi wa kiwandani walikuwa wakisema kutazamwa hivyo kunauma kuliko faini, nami sikuwaamini.

"Mji mzima nimeupekua," akasema. "Mume wangu nimempekua. Mwanangu nampekua kwenye simu. Wewe tu, Tota. Wewe sikukupekua hata siku moja."

"Nisamehe."

"Nenda zako." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Supu iache."

Ijumaa nilimsikia akishuka, akipita kwangu akihema. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Stanka, mmoja wa wale wanne waliojitoa. Dochka alikuwa amewapitia kila mmoja nyumbani kwake akawaburuta. Alipigilia msumari kwenye ule ukuta mpya, akatundika nyuzi zake zote kwa mpangilio wa tarehe, nyeupe zinazofupika, nyekundu zinazorefuka, akajifunua mkono. "Tazameni upumbavu wangu," aliwaambia. "Mtu alinitia maneno, nikayameza bila kuyakagua." Wakamuuliza ni nani. Hakunitaja. Mpaka leo sijui kama alinionea huruma au alijionea aibu.

Kwa Ivelina hakuomba radhi. Si mtu wa hivyo. Alimwambia, "Nipime. Lakini bahasha naweka mwenyewe, na ufunguo wa kabati nataka wa pili." Ivelina akampa ufunguo, akamfunga mkono bendeji, akamwambia afanye kila siku, si Jumanne na Ijumaa peke yake.

Basi wiki mbili nilisikiliza dari. Kiti kinalia, kimya, kiti kinalia. Nilikaa jikoni nikihesabu naye. Tatu. Nne. Siku moja akaanguka, nikaruka nikafika hadi mlangoni kwake, nikasikia anatukana kwa Kibulgaria cha waashi, kisha kiti kikalia tena. Nikarudi chini taratibu bila kugonga.

Asubuhi ya safari aligonga kwangu. "Basi linaondoka saa moja na nusu. Unakuja au huji?"

Nilikuwa nimevaa koti tangu saa kumi na moja.

Njia nzima alizungumza na dereva. Pleven, daktari akasogeza kile kiti katikati ya chumba, akakunja mikono. Dochka akakikagua kwanza, akakitikisa miguu yote minne, maana huwezi kujua. Akakaa. Akainuka. Mara ya tatu uso ulijaa jasho. Ya nne mguu wa kushoto ukacheza, nami nikauma kitambaa changu. Ya tano alisimama, akabaki amesimama, akamtazama daktari kama mtu anayesubiri kuona atatoa kisingizio gani kingine.

"Dripu ya nne," daktari akamwambia nesi. "Leo hii."

Nesi alikuwa mgeni, hakutujua. Dripu tatu za mwanzo zote nilikaa pembeni ya kitanda nimeushika mkono wa Dochka. Akafungua mlango wa chumba cha dawa, akanionyesha kwa kidevu.

"Na huyu mama ni nani wako? Dada? Aingie?"

Dochka alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa blauzi.

"Jirani," akasema. "Akae nje."

Nilikaa nje saa tatu na nusu. Mlango ulikuwa na kioo, na kupitia kioo hicho niliona dawa ikishuka tone kwa tone, na mkono wake wa kulia ukikunja na kukunjua vidole juu ya shuka, ukifanya zoezi. Nililia, kwanza kwa furaha, halafu kwa aibu, na kila nesi aliyepita aliniuliza kama nimefiwa.